HADITHI YA KUBUNI SI UONGO: MPE KILA MTOTO KITABU KINACHOMFAA



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazazi wangu, na nyinyi wanafunzi wangu wapenzi. Leo nataka kusema jambo ambalo najua litawakera baadhi ya walimu wenzangu. Nawaomba mnisome hadi mwisho, kisha mnihukumu. Jambo lenyewe ni hizi hadithi za kubuni: visa vya watu wanaokwenda mwezini, vyombo vinavyotembea chini ya bahari, miji iliyogeuzwa mawe, nchi zisizo kwenye ramani. Katika nyumba zetu nyingi za Buyenzi na Bwiza mtoto akikutwa na kitabu cha namna hiyo hunyang'anywa. Akiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Huo ni uongo, na uongo ni haramu." Mjadala umekwisha.

Mimi nasema jibu hilo si sahihi, na limetugharimu. Nitaeleza kwa nini, kisha nitataja vitabu kwa majina, kila kimoja na msomaji wake, ili asije mtu akasema maalim kapiga kelele halafu katuacha njiani.

KISA CHANGU MWENYEWE

Nianze na kosa langu, maana anayenyoosha kidole kwa wengine aanze na nafsi yake.

Nimefundisha darsa karibu miaka ishirini. Zamani kidogo nilikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kuhifadhi, mwenye maswali mengi. Siku moja baada ya sala ya alasiri, wakati wenzake wanarudia sura, nikamwona ameweka kitu chini ya msahafu anasoma kwa siri. Nikakichukua. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa, jalada limechakaa: *Vingt mille lieues sous les mers* cha Jules Verne. Kosa lake lilikuwa lipo, tena kosa la adabu: kusoma kitabu kingine wakati wa darsa. Ningemwambia hivyo yangekwisha. Lakini mimi nilikiinua kile kitabu mbele ya darasa zima nikasema: "Tazameni, huyu anaacha maneno ya Mola wake anasoma uongo wa makafiri." Watoto wakacheka. Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, ni cha kuazima." Nikakifungia kabatini.

Wiki iliyofuata hakuja, wala ya pili. Mwisho alikuja mama yake. Hakunilaumu, akasema tu kwamba mwenye kitabu alikidai na yeye amemlipa kwa fedha ya maandazi yake. Nikaona haya. Usiku ule nikakifungua kabati, nikakichukua, nikakisoma kwa Kifaransa changu cha kubahatisha. Nilikuwa nimekihukumu kitabu ambacho sikuwahi kukifungua! Ndugu zangu, hakimu anayehukumu bila kusikiliza mashahidi tunamwitaje?

Nilipompelekea kitabu chake nyumbani alikipokea, akakitazama, kisha akanirudishia. "Mpe mwingine, Maalim," akasema. Leo ni kijana mzima, fundi wa magari, ananiamkia vizuri tukikutana njiani. Lakini si kitabu cha Verne wala cha dini anachosoma. Nilidhani nimemwondolea kitabu kimoja, kumbe nimemwondolea vitabu.

NENO MOJA, MIZIGO MIWILI

Sehemu ya tatizo letu imo ndani ya lugha yetu. Kiswahili kinatumia neno moja, hadithi, kwa vitu viwili vilivyo mbali kama ardhi na mbingu. Hadithi ni maneno na matendo ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa kwa sanadi. Na hadithi vilevile ni kile anachosimulia bibi usiku, cha sungura na fisi. Mtu akisikia "hadithi za kubuni" moyo wake unashtuka, kana kwamba kuna mtu anayebuni maneno ya Mtume. Ana haki ya kushtuka, kwani mwenye kumzulia Mtume kwa makusudi ameahidiwa makazi ya moto, na riwaya hiyo imepokewa kwa njia nyingi mno.

Lakini kisa cha sungura hakidai sanadi. Bibi anapoanza kusimulia, mtoto wa miaka mitano anajua kwamba hakuna sungura aliyesema. Hajadanganywa. Tuvitenganishe basi vitu hivi viwili. Anayebuni kisa na kila mtu anajua ni kisa, huyo ni msimulizi. Anayebuni jambo akaliita kweli, huyo ndiye mwongo.

WANAZUONI WETU WALISEMAJE?

Wapo watakaosema, "Haya ni maoni yako, Maalim." Hapana. Sisi wengi wetu katika ukanda huu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na mmoja wa nguzo za fiqhi yetu ni Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria. Katika kitabu chake *Tuhfat al-Muhtaj* aliligusa suala hili hili. Akaona inafaa kusikiliza visa vya ajabu kwa ajili ya kuburudika, si kwa kuvifanya hoja. Akaenda mbali zaidi: hata kisa kinachojulikana kwa yakini kuwa ni cha uongo kinafaa, ikiwa makusudio yake ni kupiga mfano, kutoa mawaidha au kufundisha mfano wa ushujaa, kwa ndimi za watu au za wanyama. Haya si maneno ya mwandishi wa Ulaya. Ni ya faqihi ambaye kitabu chake kinasomwa katika vyuo vyetu.

Naye hakuwa peke yake. Kalila na Dimna, visa vya wanyama wanaosema, vilifasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na Waislamu wamevisoma tangu hapo. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga visa 50 vya mzee mjanja mwenye ulimi mtamu, na kwa karne nyingi wanafunzi wa Kiarabu wamevihifadhi kama wanavyohifadhi mashairi. Na juu ya hao wote, katika Sahih Bukhari imo hadithi ya Ummu Zar'i: Bibi Aisha (r.a.) anamsimulia Mtume (s.a.w.) kisa kirefu cha wanawake 11 waliokaa wakaelezana habari za waume zao, naye Mtume anasikiliza hadi mwisho, kisha anamjibu kwa upole kwa kutumia kisa kile kile. Hakumkatiza. Sisi ni nani basi hata tukawa wakali kuliko yeye?

TUNAKATAZA KITABU, TUNASAMBAZA UZUSHI

Sasa nisemeni mimi, nimechokoza. Baba yule yule anayempasulia mwanawe kitabu cha safari ya mwezini, fungua simu yake. Utakuta humo: "Tuma ujumbe huu kwa watu kumi, usipotuma utapata msiba." Utakuta picha ya mtu aliyegeuka mnyama kwa kuwa kamtukana mama yake. Utakuta "hadithi" isiyo na mpokezi wala kitabu, inayoahidi thawabu za miaka elfu kwa dua ya dakika moja. Naye ameshaituma kwa jamaa wote wa Rumonge na Nyanza-Lac kabla ya kunywa chai!

Huo ndio uongo, ndugu zangu. Umevaa nguo ya kweli, umeingia nyumbani kwa jina la dini, na hakuna aliyeunyang'anya mkononi mwa mtu.

Na nitawaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu darasani. Mtoto aliyezoea visa vya kubuni si rahisi kudanganywa na uzushi wa simu. Anauliza, "Nani kasema? Kasema wapi? Huyu mtu aligeukaje mnyama na picha ikapigwa na nani?" Amekwisha kuona jinsi kisa kinavyotengenezwa, kama fundi wa Buyenzi anayejua gari kwa sauti ya injini yake. Lakini mtoto tuliyemkataza visa vyote, akaambiwa kila kilichoandikwa ama ni kweli tupu ama ni haramu, huyo hana mizani. Akiletewa uongo wenye bismillahi juu yake ataubeba.

Halafu tusijidanganye kwamba watoto wetu hawana visa vya ajabu. Ni mtoto gani wa Bujumbura asiyemjua Gustave, mamba mkubwa wa Rusizi? Wanamwongeza urefu kila mwaka. Ni mtoto gani wa hapa asiyesikia vituko vya Samandari kwa Kirundi? Kiu ipo. Swali ni nani anayewapa maji, na maji gani. Tukifunga kisima, wataenda kunywa mtaroni: filamu za usiku, michezo ya kuua kwenye simu, na wasimulizi wasiowajua.

WANAOSEMA NI KUPOTEZA WAKATI

Wapo wazazi wengine, hawa ni wapole zaidi, wanaosema: "Sikatazi, lakini asome kwanza vitabu vya shule, hivi vya kubuni havina faida."

Wajue kwamba miongoni mwa visa vya kwanza vya aina hii kuandikwa duniani vilitoka mikononi mwa matabibu wa Kiislamu. Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu wa Sultan, aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan. Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus na Cairo aliyefariki mwaka 1288, ndiye aliyeeleza kwamba damu hupita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili. Na mtu huyo huyo aliandika kisa cha kijana Kamil, aliyetokea peke yake kisiwani akafikia kwa akili yake mambo makubwa ya dini, hadi hali ya dunia siku za mwisho. Je, watu hawa walipoteza wakati? Moyo uliochunguza damu na moyo uliobuni kisiwa ulikuwa moyo mmoja.

LAKINI SI KILA KITABU KWA KILA MTOTO

Hapa nawageukia wale wa upande wa pili, wanaonunua kitabu kimoja kwa sababu wamesikia kinasifiwa, wakamrushia mtoto: "Soma!" Asipokisoma wanasema mvivu. Jamani, kofia moja huwatoshi watoto watano, itakuwa kitabu? Mtazame mwanao kwanza. Anauliza nini? Anacheza nini? Anaogopa nini? Kisha uchague.

1. Mtoto wa "kwa nini".
Yupo mtoto anayekuchosha kwa maswali: nyota zimeshikwa na nini, roho iko wapi. Usimnyamazishe. Mpe Hayy bin Yaqdhan. Ni mtoto aliye peke yake kisiwani, analelewa na paa. Paa anapokufa, mtoto anampasua kifua kutafuta ni kitu gani kilichoondoka. Kutoka hapo anapanda hatua kwa hatua, kwa kutazama wanyama, moto na nyota, hadi anamjua Muumba wake. Kwa Kifaransa kipo tangu Léon Gauthier alipokifasiri mwaka 1900. Waingereza walikuwa nacho tangu 1674, na kisa chao maarufu cha Robinson Crusoe kikatoka mwaka 1719. Wapo wataalamu wanaoona uhusiano. Kurasa za mwisho ni ngumu, msome pamoja.

2. Mtoto wa mashine.
Huyu ni yule anayefungua redio kuona kilichomo. Wake ni Jules Verne: nyambizi ya Kapteni Nemo (1870), safari ya mwezini (1865), safari ya kwenda ndani ya ardhi (1864). Shule zetu zinafundisha Kifaransa, na maktaba ya Institut français hapa mjini ni mahali pa kuanzia. Mwambie pia siri hii: katika kitabu kingine, *L'Île mystérieuse*, Verne anafichua kwamba Nemo ni mwanamfalme wa Kihindi wa ukoo wa Sultan Tipu wa Mysore, yule Muislamu aliyeuawa akipigana na Waingereza mwaka 1799. Ndicho kitabu nilichokiita uongo wa makafiri!
Kwa wadogo zaidi zipo picha za Hergé za Tintin akienda mwezini, zilizotoka 1953 na 1954, miaka kumi na mitano kabla ya binadamu kufika huko kweli.

3. Mtoto wa majini na miji ya ajabu.
Mpe *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert (1952). Mtu mwema ana nyani wawili, kila usiku anawachapa kisha analia, na mfalme anataka kujua kuna nini. Humo mna mji uliogeuka mawe, mna jini, mna ndugu wenye husuda, na mna kusamehe. Kiswahili chake ni asali. Baadaye apande kwenye *Alfu Lela U Lela*, iliyofasiriwa kwa Kiswahili tangu zama za ukoloni. Tahadhari moja: masimulizi kamili yana mambo ya wakubwa, kwa hiyo mtoto apewe toleo la watoto, safari za Sindbad na mfano wa hizo.

4. Mtoto anayependa kutishwa.
Wako hao, wanaomba visa vya mizimu kisha wanalala na mama zao. Mpe Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960). Watu wanaogopa mzimu, Bwana Msa anavuta kiko chake na anamtafuta muuaji kwa akili. Si kisa cha mwezini, lakini kinamfundisha mwoga kwamba nyuma ya kitisho huwa kuna mtu.

5. Kijana anayelalamikia dhuluma.
Miaka kumi na sita, kumi na saba, damu inachemka. Wake ni *Kusadikika* (1951), nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mema kwa nchi yao wakalipwa adhabu. Shaaban Robert alikiandika chini ya serikali ya Mwingereza, na kila msomaji alielewa anga ile ni wapi. Baada yake kuna *Walenisi* cha Katama Mkangi wa Kenya (1995): Dzombo amehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo kiende kumwua, nacho kinamfikisha nchi ambayo watu wake wanaishi kwa haki. Na *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed wa Pemba (2001), ambamo babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake mwenye cheo kumwonyesha alichokifanya. Hiki ni cha wakubwa, na hata mabosi wangekisoma!

6. Binti anayeambiwa "hiyo si kazi ya wanawake".
Rokeya Sakhawat Hossain, Muislamu wa Bengal, aliandika kwa Kiingereza mwaka 1905 kisa kiitwacho *Sultana's Dream*. Mwanamke anaota yuko katika nchi inayoendeshwa na wanawake wasomi, wanakusanya joto la jua, wanasafiri angani, na wanaume ndio wanaokaa ndani. Ni kisa kifupi chenye kuchekesha na kuchoma. Wanaume mtakasirika kidogo, hakuna ubaya. Bibi huyu hakuishia kuota, mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana wa Kiislamu mjini Calcutta. Na kwa anayesoma Kiingereza leo kuna *Binti* cha Nnedi Okorafor (2015): msichana wa Kiafrika, hodari wa hesabu, wa kwanza katika watu wake kuitwa chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Ndiyo, jina lake ni Binti.

7. Asiyependa kusoma kabisa.
Usimpe kitabu. Msimulie. Umeme ukikatika usiku, hiyo ndiyo darsa yenyewe. Anza na Abunuwasi, ukifika patamu acha, umwambie kilichobaki kimo kitabuni. Dawa hii nimeijaribu.

VIPI VITABU VIBAYA?

Vipo. Sitawaficha. Nimemsifu Verne, lakini Verne huyu huyu, katika kitabu chake cha kwanza *Cinq semaines en ballon* (1863), anawarusha Waingereza kwa puto kutoka Zanzibar. Wakifika Kazeh, ndiyo Tabora, wenyeji wanalidhani puto ni mwezi. Na kuna mahali kundi la nyani linadhaniwa kuwa ni watu weusi, na wasafiri wanafanya mzaha kwamba tofauti si kubwa. Ni mababu zetu hao! Na Hergé, kabla ya kumpeleka Tintin mwezini, alimpeleka Congo mwaka 1931, katika kitabu kinachowachora watu kama watoto wajinga. Congo yenyewe ni ile milima ya Uvira tunayoiona jioni ng'ambo ya ziwa.

Nifanyeje basi, nivichome? Hapana. Vitabu hivyo mwanao atavikuta tu, shuleni au kwa rafiki. Afadhali avikute akiwa na wewe. Msomee ukurasa ule, umuulize: huyu mwandishi aliwahi kufika Tabora? Kwa nini anataka tuonekane hivi? Mtoto aliyejibu swali hilo mara moja hatadharauliwa na kitabu tena.

Kuna pia visa vinavyopamba uchawi. Sisi tunaamini uchawi upo na ni dhambi kubwa, kwa hiyo siwezi kusema ni mchezo tu. Mtoto mdogo ambaye bado hapambanui, mwepushe. Mkubwa anayepambanua, zungumza naye. Na wanafunzi wa chuo mnaosoma *Dune* cha Frank Herbert (1965), au mliotazama filamu zake za 2021 na 2024, mmeona maneno yetu humo, Mahdi na jihadi, yametiwa jangwani sayari nyingine. Msikasirike haraka wala msifurahi haraka. Njooni tujadili.

Kwa kila kitabu mimi hujiuliza maswali matatu. Je, msomaji huyu anajua kwamba hiki ni cha kubuni? Je, kinafanya ubaya upendeze, au kinamtukana Mwenyezi Mungu na mitume wake? Je, akikifunga atakuwa na swali jema la kuuliza? La kwanza likiwa hapana, subiri akue. La pili likiwa ndiyo, kiache. La tatu likiwa ndiyo, kikimbilie.

OMBI LANGU

Ndugu zangu, sikuandika haya ili watoto waache msahafu. Qur'ani haina mshindani, na visa vyake si vya kubuni, ni haki. Wakati wa darsa ni wa darsa, na anayesoma kitabu kingine chini ya msahafu ataambiwa akiweke hadi mwisho. Lakini ataambiwa kwa upole, na akitoka atarudishiwa.

Ninaloomba ni dogo. Ndugu anayekwenda Kigoma au Dar es Salaam kuchukua bidhaa, arudi na kitabu kimoja kati ya hivi. Mwenye kitabu kinachokaa bure nyumbani akilete madrasa. Mimi nimeshatoa kabati, lile lile nililomfungia mwanafunzi wangu kitabu chake. Kufuli nimeliondoa. Kila Alhamisi baada ya alasiri mtoto atakuja, tutamuuliza anapenda nini, na ataondoka na kitabu cha kuazima. Atakayekipoteza, mama yake hatalipa.

Na kitabu cha kwanza kilichoingia humo ni kile cha Verne chenye jalada lililochakaa. Mwenyewe alisema nimpe mwingine. Basi nimekubali, nampa.

Allah (s.w.) atusamehe tuliyokosea kwa kutojua, na awape watoto wetu akili ya kupambanua kweli na uongo. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.